Nani Aushike Mswada Wako?

Leo nimekusudia tumzungumzie mtu ambaye jina lake halikai kwenye jalada la riwaya, ilhali mkono wake umo ndani ya kurasa: yule anayeusoma mswada kabla haujawa kitabu, akamwambia mwandishi, hapa pamekaa sawa, hapa bado. Kwenye nyumba ya uchapishaji anaitwa mhariri. Kwa kijana anayeandika usiku baada ya kazi, mtu huyo huwa mwalimu wake wa zamani, rafiki aliyesoma fasihi chuo kikuu, dada anayependa hadithi, au mgeni tu kwenye kundi la WhatsApp. Nimeona miswada mizuri ikiharibiwa na watu wema kabisa, waliokuwa na nia ya kusaidia. Ndiyo maana nataka tuliulize swali hili kwa utulivu: anayekufaa utamjuaje?

Nitaanzia Marekani, kwa kuwa huko kuna kisa ambacho nyaraka zake zimehifadhiwa, rasimu kwa barua, na yeyote anaweza kulinganisha.

Raymond Carver alikuwa mwandishi wa hadithi fupi, mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda cha mbao. Alioa mapema, na kufikia umri wa miaka 20 alikuwa na watoto wawili. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alijiandikisha katika chuo cha Chico, jimbo la California, na hapo akafundishwa uandishi na kijana mwenzake, John Gardner, ambaye naye wakati huo alikuwa hajachapisha riwaya hata moja. Gardner aliona kwamba nyumbani kwa Carver hakuandikiki, kwa watoto wadogo na nafasi finyu, akampa ufunguo wa ofisi yake ili mwisho wa wiki aende kuandikia huko. Ni wema wa kukumbukwa. Hata hivyo mimi huvutiwa zaidi na kalamu ya mwalimu yule.

Carver ameieleza mwenyewe katika dibaji ya kitabu cha Gardner kilichotoka mwaka 1983, baada ya mwalimu huyo kufa kwa ajali ya pikipiki. Anasema Gardner alikuwa akiichukua hadithi ya mwanafunzi na kuipitia neno kwa neno. Maneno mengine aliyakata, na hayo hayakuwa na mjadala. Mengine aliyatia kwenye mabano. Yale ya kwenye mabano ndiyo waliyoyakalia wawili: mwalimu anaeleza kinachomtia shaka, mwanafunzi anaeleza alichokusudia, na wakishasikilizana ndipo neno hubaki au huondoka.

Yatazame vizuri mabano hayo, msikilizaji. Mwalimu anayeyatumia anakiri kwamba kuna mambo ndani ya hadithi hii ambayo mwenye hadithi ndiye anayeyajua. Yeye ameona kasoro, au amedhani ameona, lakini hajajua mwandishi alikuwa anaelekea wapi. Basi anasimama na kuuliza. Ukipata mtu wa namna hiyo, hata kama hana cheo, hata kama hajawahi kuchapisha chochote, mshike.

Baadaye Carver akakutana na mtu wa pili, Gordon Lish. Huyu alikuwa mhariri wa hadithi katika jarida la Esquire, kisha akawa mhariri katika nyumba ya uchapishaji ya Knopf, New York. Alimpenda Carver kwa dhati na alimfungulia milango: mwaka 1971 alimchapishia hadithi katika Esquire, jarida ambalo waandishi wa Marekani waliliota usiku na mchana. Na alikuwa na jicho kali. Carver aliwahi kueleza kwamba Gardner alimfundisha kuwa, kama jambo linaweza kusemwa kwa maneno 15, usitumie 25. Akaja Lish akamwambia, kama linaweza kusemwa kwa maneno 5, usitumie 15. Wote wawili walikuwa wanamfundisha kubana lugha. Ukiwasikiliza juujuu utadhani wanahubiri dini moja.

Mwaka 1980 Carver alimpelekea Lish mswada wa hadithi 17. Lish akaanza kukata. Alipomaliza, zaidi ya nusu ya maneno ya mswada mzima yalikuwa yameondoka. Vichwa vya hadithi vilibadilishwa. Miisho ilibadilishwa. Iko hadithi moja ya mama aliyeagiza keki ya siku ya kuzaliwa ya mwanawe. Siku yenyewe mtoto anagongwa na gari, analazwa, haamki, na mwoka keki, ambaye hajui kilichotokea, anapiga simu tena na tena kudai keki yake ichukuliwe. Carver aliandika hadithi hiyo hadi mwisho wake: mtoto anakufa, wazazi wanamwendea yule mwoka keki usiku wa manane kwa hasira, yeye anawaomba radhi, anawaketisha, anawapa mikate ya moto, wanazungumza hadi kunapambazuka. Lish aliondoa zaidi ya theluthi mbili. Hadithi yake inaishia simu inapolia, na msomaji hajui kama mtoto ni mzima au ni maiti.

Tarehe 8 Julai 1980 Carver alimwandikia Lish barua ndefu, akimsihi asimamishe kazi ya kitabu hicho. Wakati huo alikuwa ameacha pombe kwa miaka mitatu, baada ya pombe kumfikisha mlangoni mwa kifo, na hadithi zile ndizo alizoziandika akiwa anajirudia. Alimweleza kwamba uzima wake umefungamana nazo, na kwamba marafiki waliokwisha kuzisoma zikiwa kamili wangemshangaa. Ni barua ya kutia uchungu, kwa sababu humo humo anamshukuru Lish na kumwomba radhi. Siku chache baadaye akakubali. Kitabu kikatoka mwaka 1981, kikasifiwa sana, na sifa hizo ndizo zilizomfanya Carver ajulikane duniani.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Wanasema: kama kitabu kilifanikiwa, tatizo liko wapi? Mimi nasema tatizo liko palepale. Lish alikuwa hodari wa sentensi, pengine kuliko wahariri wote wa wakati wake, lakini alizisoma hadithi za Carver kama mali ghafi ya kitabu alichokiona yeye kichwani mwake. Carver alikuwa ameandika juu ya watu wanaoumia kisha wakapata mtu wa kukaa naye. Lish alitaka watu wanaoumia, basi. Vitabu vyote viwili vina uzuri wake. Lakini kimoja tu ndicho alichokuwa anakitafuta mwandishi. Mwaka 2009, miaka mingi baada ya Carver kufariki, mswada wa asili ulichapishwa kwa juhudi za mjane wake, mshairi Tess Gallagher, na sasa wasomaji wanaweza kuviweka viwili hivyo ubavu kwa ubavu. Carver mwenyewe hakungoja hadi hapo. Alipokuwa anatayarisha kitabu kilichofuata, kilichotoka 1983, alimwambia Lish wazi kwamba ukataji wa namna ile hataukubali tena, akairudisha hadithi ya keki ikiwa na mwisho wake. Hadithi hiyo ikashinda nafasi ya kwanza ya tuzo ya O. Henry mwaka huohuo.

Isije ikadhaniwa kwamba ninamtetea mwandishi asiyetaka kuguswa. Wapo waandishi wetu wanaodhani kila neno walilolitoa ni wahyi, ukilisogeza wanakununia mwezi mzima. Tazama kisa cha Harper Lee. Mwaka 1957 alipeleka mswada wake kwa nyumba ya uchapishaji ya Lippincott. Ulikuwa unamhusu mwanamke mtu mzima anayerudi kwao Alabama kutoka New York na kugundua mambo asiyoyapenda juu ya baba yake. Mhariri aliyeupokea, Tay Hohoff, aliona kwamba kalamu ya mwandishi huyu inapata uhai pale mwanamke anapokumbuka utoto wake. Akamshauri arudi huko, aisimulie hadithi kutoka utotoni. Kwa miaka miwili na zaidi Lee aliandika, akaandika upya, akaandika tena. Kilichotoka mwaka 1960 ni To Kill a Mockingbird. Mswada wa mwanzo nao ulikuja kuchapishwa mwaka 2015, na ukiusoma utaona umbali uliopo kati ya viwili hivyo: ni vitabu mbalimbali kabisa.

Kwa hiyo Hohoff alisababisha mabadiliko makubwa kuliko ya Lish. Tofauti ni kwamba kila sentensi mpya aliiandika Lee. Mhariri alinyoosha kidole mahali penye moto, mahali ambapo moto ulikuwa wa mwandishi mwenyewe, kisha akakaa pembeni akingoja. Akasoma, akauliza tena, akangoja tena. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia mimi ninapoulizwa na vijana: huyu anayekushauri, akikuondokea leo, utakuwa umebaki na hamu ya kuandika au umebaki na karatasi zilizojaa maandishi yake?

Huku kwetu Afrika tunacho kisa cha Chinua Achebe, na kwa kuwa alikuwa mtu wa redio, nakipenda mara mbili. Mwaka 1956 alikwenda London kwa mafunzo ya utangazaji BBC, akiwa na mswada wake mkononi. Mmoja wa waliomfundisha alikuwa Gilbert Phelps, mwandishi wa riwaya. Achebe alimwonyesha mswada kwa kusitasita. Phelps aliupenda, akataka kuupeleka kwa wachapishaji papo hapo. Fikiria kijana wa miaka ishirini na kitu, yuko London, anaambiwa mswada wake uko tayari kwenda kwa mchapishaji. Achebe alikataa. Alisema bado una kazi. Mswada ule ulikuwa unabeba vizazi vitatu. Yeye alirudi Nigeria, akakata sehemu ya pili na ya tatu, akabakiza habari za Okonkwo, wa kizazi cha kwanza, peke yake na kuzijaza nyama. Kitabu kilitoka mwaka 1958, nasi tumekisoma kwa Kiswahili kwa jina la Shujaa Okonkwo. Sehemu ya mjukuu aliyeikata ilikuja kuwa riwaya nyingine mwaka 1960.

Phelps alikuwa msomaji mzuri, na ninamheshimu kwa kutambua dhahabu alipoiona. Lakini sifa yake ingeweza kumharakisha mwandishi. Na sifa ndiyo tunayokutana nayo zaidi siku hizi. Riwaya nyingi za vijana wetu zinaandikwa kwa vipande na kurushwa Facebook na WhatsApp, na kila kipande kikishushwa majibu yanamiminika: endelea, tupia nyingine, umeua. Ni raha kuyasoma, na wala siyadharau, maana yanaonyesha kwamba watu wetu wana njaa ya hadithi. Ila anayekwambia endelea anataka kujua kitakachotokea kesho. Hana muda wa kukwambia kwamba mhusika aliyekufa kipande cha nne ameonekana sokoni kipande cha kumi na moja, au kwamba mapenzi ya Juma na Rehema yamezuka tu bila mbegu. Hadhira ile na mhariri ni watu wawili, na kumtaka mmoja afanye kazi ya mwenzake ni kumwonea.

Sasa tuje kwenye tabia yetu wenyewe ya kuhariri, maana ina historia. Mwaka 1930 serikali za kikoloni za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ziliunda Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kupitia miswada ya Kiswahili na kuhakikisha inafuata lugha sanifu, iliyojengwa juu ya Kiunguja cha mjini, kabla vitabu havijapewa kibali cha kutumika. Kazi ile ilitupatia tahajia moja kutoka Mombasa hadi Kigoma, na faida yake tunaila hadi leo. Lakini ilituachia pia picha ya mhariri kuwa mtu wa kusahihisha lugha, na picha hiyo haijatoka. Aidha, wachapishaji wetu wengi wanaishi kwa vitabu vya shule, na mhariri aliyelelewa kwenye vitabu vya shule amezoea kutafuta kosa: neno lisilo kwenye kamusi, upatanisho uliokwenda kombo, aya ndefu. Kazi hiyo ni halali na inahitajika. Ila riwaya inaweza kuwa na sarufi safi ukurasa hadi ukurasa na bado ikawa imekufa.

Na tena, mkono wa kusanifisha unaweza kung'oa kilicho hai. Fikiria kama Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi ingeangukia kwa mtu asiyeweza kuvumilia ile N na ritifaa yake juu ya jalada. Mwandishi wa Pemba, wa Lamu, wa Lubumbashi, anahitaji mhariri anayejua kutofautisha kosa na sauti. Kabla hujampa mtu mswada wenye lahaja, muulize waziwazi: mhusika wangu akisema n'nakwenda, utamfanyaje? Jibu lake litakueleza mengi.

Nikupe mfano wa karibu, nimeubuni mwenyewe. Chukua aya hii ya mwandishi chipukizi: "Bi Mwanakhamis alikuwa na huzuni kubwa sana moyoni mwake kwa sababu mwanawe alikuwa hajarudi kutoka baharini kwa muda wa siku tatu. Alikaa kibarazani akiwaza na kuwazua." Mpe msahihishaji wa lugha. Atakuondolea "kwa muda wa", atakwambia "moyoni mwake" haina haja, maana huzuni haikai gotini. Sawa, aya imepungua uzito. Mpe mtu wa aina ya pili, yule anayependa kukuandikia. Atakurudishia machozi yanayotiririka, mawingu meusi, na moyo uliopasuka vipande elfu, na atatarajia umshukuru. Mpe wa aina ya tatu. Huyu hatagusa kitu. Ataandika pembeni kwa penseli: "Usiku, chakula cha mwanawe alikuwa anakipakua? Siku zote tatu?"

Mwandishi analisoma swali, anakwenda kulala nalo. Bi Mwanakhamis anaanza kutembea ndani ya nyumba yake. Usiku wa kwanza anampakulia mwanawe, anafunika kwa kawa. Usiku wa pili vilevile, na asubuhi anawapa kuku. Usiku wa tatu anashusha sahani mbili kutoka kabatini, anaitazama ya pili, anairudisha. Neno huzuni halimo tena, wala kuwaza na kuwazua. Hakuna hata neno moja hapo lililotoka kwa mhariri, na bila mhariri lisingekuwapo hata moja. Huyo wa tatu ndiye ninayetaka umtafute.

Utampata vipi? Anza kwa kumsikiliza anavyozungumzia vitabu vya watu wengine. Shule zetu zimetufundisha kuchambua fani na maudhui kwa ajili ya mtihani, na ni elimu nzuri kwa kitabu kilichokwisha. Lakini aliyebaki hapo atakuuliza ujumbe wa riwaya yako ni nini, dhamira kuu na dhamira ndogondogo, ilhali wewe uko sura ya sita na hata hujui kama mhusika wako ataolewa. Mtafute anayeweza kukwambia, juu ya riwaya aliyoipenda, ni ukurasa gani alipoacha kula ili aendelee kusoma, na ni wapi alipochoka.

Kisha mjaribu. Kama ni mhariri wa kulipwa, usimkabidhi mswada mzima na fedha zote siku ya kwanza. Mpe kurasa kumi, mlipe kwa hizo kumi, uone. Na usimpe kurasa za mwanzo. Sura ya kwanza umeipiga pasi mara nyingi, haina mkunjo. Mpe sura ya katikati, ile ambayo wewe mwenyewe unaijua kuwa inalegea lakini hujui kwa nini. Akirudisha, hesabu maswali na hesabu maneno aliyoyaandika badala yako. Angalia pia kama ameona unapolegea. Asipopaona, hata kama amesahihisha nukta zote, hujampata.

Mkikubaliana, andikeni. Wengi wetu tunaona aibu kuandikiana mkataba na mtu tunayemwita kaka au mwalimu, na aibu hiyo imevunja urafiki mwingi. Andikeni ni kazi gani: kupitia mjengo wa hadithi, kupitia lugha, au kusoma prufu mwishoni, maana ni kazi tatu na bei zake si moja. Kulipia usahihishaji wa nukta katika sura ambayo baada ya mwezi itatolewa yote ni kutupa fedha. Andikeni muda. Na andikeni nani mwenye neno la mwisho pale mnaposhindwana. Carver, mwaka 1980, ilimbidi asihi kwa barua.

Mwombe mhariri wako afanye kama Gardner: kosa la wazi alikate, shaka aitie kwenye mabano. Wahariri wengi hawajawahi kuombwa hivyo, na wakiombwa huwa wanafurahi, kwa sababu nao wanachoka kubishana juu ya kila herufi.

Wapo pia wasomaji wa jambo moja tu, na hawa tunawasahau. Kama riwaya yako ina ngalawa, mpe mvuvi sura ile, au msomee. Atakwambia kwamba mwezi ule uliouandika ni wa kusi, na bahari uliyoieleza ni ya kaskazi. Kama ina wodi ya wazazi, mtafute muuguzi. Usiwaombe maoni juu ya mapenzi ya Juma na Rehema. Waombe wakulinde usidanganye juu ya kazi yao. Na ndugu wa damu, kwa maoni yangu, waje mwishoni. Dada yako akisoma habari za mhusika mchoyo atakuwa anatafuta kama ni yeye.

Maoni yakishafika, usiyajibu siku hiyohiyo. Hasa usijitetee. Ukiona wasomaji wawili wasiojuana wamesimama mahali pamoja, mmoja akisema ondoa mazungumzo haya, mwingine akisema yaongeze, usishangae wala usichague upande. Mahali pale pana ugonjwa, na huenda dawa zao zote mbili si dawa. Ugonjwa mara nyingi uko kurasa ishirini nyuma, ambapo hukutuambia jambo tulilohitaji kulijua.

Siku hizi tumepata mashindano yanayopokea miswada ya Kiswahili: tangu 2014 iko tuzo ya Mabati-Cornell, ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell, na nchini Tanzania iko Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Vijana wanaandika wakitazama tarehe ya mwisho. Nawasihi wasiyageuze majopo ya waamuzi kuwa wahariri wao wa kwanza. Mwamuzi hana nafasi ya kukuandikia pembeni kuhusu sahani ya Bi Mwanakhamis. Ana rundo mezani, na swali lake ni moja, uingie au utoke.

Najua wako wanaonisikiliza sasa walio Newala, Kibondo, au Micheweni, ambao watasema: huyo mhariri unayemsema yuko Dar es Salaam au Nairobi, na fedha zake siwezi. Ni kweli. Basi nikupe njia isiyo na gharama, na mimi naiamini kuliko nyingi za kulipia. Mficha uchi hazai, kwa hiyo tafuta mtu mmoja anayependa kusikiliza hadithi, mzee wa jirani, fundi cherehani, mtu yeyote asiyekuogopa na asiyekuhusudu, umsomee sura moja kwa sauti. Usimweleze chochote kabla. Usimuulize kama ni nzuri, maana atasema ni nzuri. Wewe soma, na kwa jicho la pembeni mtazame: wapi ameacha kupiga cherehani, wapi ameshika simu. Pale ambapo ulimi wako mwenyewe umejikwaa, tia alama kwa penseli. Ukimaliza, mshukuru, uende zako.

Kesho yake rudi, umwombe akusimulie wewe ile sura. Usimsahihishe. Aliyoyakumbuka yameandikwa. Aliyoyasahau, hata kama yapo kwenye karatasi, hayajaandikwa bado. Na akiongeza kitu ambacho hukukiweka, muulize amekitoa wapi, kisha ukae uandike jibu lake lote kabla hujafika nyumbani.